Kupima Ngezi kwa Miguu: Shajara ya Mpima Ardhi Kaskazini ya Pemba

Jumapili. Mkoani hadi Konde

Boti imefunga gati Mkoani kabla ya adhuhuri. Wachukuzi walipoyaona masanduku yetu wakajua hii ni kazi ya ofisi, na bei ikapanda pale pale. Tumeelewana, si haba. Mchana wote umeishia barabarani: Chake, kisha Wete, kisha Konde.

Mwenzetu mmoja ni mtu wa Moshi. Amepima Usambara, amepima miteremko ya Kilimanjaro, na tangu tutoke bandarini anauliza milima iko wapi. Pemba haina mlima. Hakuna kilima kisiwani kinachofika mita 150 kutoka usawa wa bahari. Lakini gari haikwenda dakika tano bila kupanda au kushuka: kilima, bonde la mpunga, kilima, bonde la mpunga, na kila ubavu umevaa mikarafuu na minazi. Waarabu walikiita Jazirat al-Khadra, kisiwa cha kijani. Huu ni msimu wa karafuu, na kila uwanja tuliopita umetandikwa majamvi, mengine yamefika hadi ukingoni mwa lami, na dereva anayakwepa kwa heshima kuliko anavyowakwepa mbuzi.

Tumekuja kuchora ramani ya miinuko ya Msitu wa Ngezi. Hicho ndicho kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu wa asili wa Pemba, hekta 1,440 hivi, na kimekuwa hifadhi tangu miaka ya 1950. Anayetaka ramani hii ana maswali mawili: maji ya mvua yakishuka msituni yanapita wapi, na maji ya chumvi yakipanda kutoka baharini yanaishia wapi. Kisiwani hapa yapo mabonde ya mpunga yaliyokwisha kuingiwa na chumvi, watu wakaacha kulima, kwa hiyo swali la pili haliulizwi kwa kujifurahisha.

Mtu atasema ramani zipo. Ni kweli. Kuanzia 2016 Tume ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pamoja na washirika wao, walirusha droni juu ya Unguja na Pemba, na picha zilizopatikana ni za kustaajabisha. Ukifungua sehemu ya Konde unaweza kuhesabu majamvi ya karafuu uani kwa mtu. Ukisogea kidogo hadi Ngezi unahesabu vichwa vya miti, basi. Ardhi huioni. Droni inapiga picha ya kile inachokiona, na Ngezi inachokiona ni majani.

Hata setilaiti hazisaidii sana. Ile data ya miinuko iliyotumiwa na watu wengi duniani ilikusanywa Februari 2000 na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kwa rada, katika safari ya siku 11. Kwa Kilimanjaro inatosha kabisa. Kwa msitu, rada ile inaishia mahali fulani katikati ya matawi, haiko juu kabisa wala haiko chini. Mti wa mita thelathini kwenye nchi ambayo kilima kizima ni mita arubaini, hapo umebaki na nini?

Ipo laida, inayomimina miale ya leza kutoka kwenye ndege, na baadhi ya miale hupenya kwenye matundu ya majani ikafika chini. Bei yake ndiyo iliyotuleta sisi na miguu yetu.

Jumatatu. Kwa sheha, na kituo cha kwanza

Hapa huingii msituni na vyombo kabla hujaonana na sheha. Tumekaa barazani kwake, tumekunywa chai ya mchaichai, barua zimesomwa mstari kwa mstari. Ametupa mwenyeji, mzee aliyewahi kuwa mlinzi wa msitu, ambaye vijana wote wanamwita Ami, nasi tumefuata.

Baada ya shikamoo, Ami akataka kujua jambo moja.

"Msitu huu mnaupima mumpe nani?"

Nikamwambia hatumpi mtu. Tunataka kujua ardhi ilivyolala, maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

"La maji mngeniuliza miye. Mngeokoa nauli."

Kazi ya leo imekuwa nje ya msitu. Tunahitaji kituo mahali pa wazi, GPS ikae saa nyingi ione mbingu nzima, ndipo vipimo vyote vya ndani vifungwe hapo. Tumechagua uwanja karibu na jengo la walinzi. Kwanza nilitaka kutumia bikoni ya zamani, alama ya zege ya wapima ardhi, iliyoonyeshwa kwenye ramani, lakini tulipofika tumekuta shimo lililoota nyasi. Wako watu wanaoamini kwamba chini ya bikoni huzikwa zebaki, na imani hiyo imeshang'oa zege nyingi Afrika Mashariki. Aliyechimba hii sijui alipata nini zaidi ya malengelenge.

Baada ya robo saa Ami akachungulia kioo cha chombo. "Kinasemaje?"

"Kinasema tuko chini ya bahari, mita kumi na kitu."

"Basi hicho msikifuate."

Chombo hakikukosea. Setilaiti hupima kimo kutoka kwenye umbo la kihesabu, kama mpira uliobonyezwa kidogo juu na chini, linaloizunguka dunia. Bahari yenyewe hailifuati umbo hilo. Mahali pengine imeinuka kulipita, mahali pengine imezama, kwa sababu mvutano wa dunia hauko sawa kila pahala. Kwenye pwani yetu bahari imelala zaidi ya mita ishirini chini ya umbo hilo. Ukisimama ufukweni na kanzu imelowa maji ya chumvi, GPS tupu itakuambia uko mita ishirini na kitu shimoni. Lazima tofauti hiyo isawazishwe ndipo upate kimo anachokielewa mkulima. Simu nyingi hufanya hesabu hiyo kimya kimya, nyingine vizuri, nyingine ovyo.

Kuna mtego mwengine unaowanasa wageni, nao ni ramani za zamani. Zilichorwa kwa datamu, yaani msingi wa kuhesabia namba za mahali, ya Arc 1960. GPS inatumia datamu nyengine. Ukichukua namba za mahali kutoka ramani ya zamani ukaziingiza kwenye GPS bila kuzigeuza, utapelekwa kando kiasi cha mita 300 kaskazini au kusini na karibu mita 100 mashariki au magharibi. Kwenye jangwa si kitu. Ngezi, mita 300 zinakutoa kwenye mivule zikakutia kwenye mikoko.

Usiku tumelala Konde. Kitoweo pweza wa nazi, na shelisheli la kuchemsha. Mtu wa Moshi hakuwahi kulila shelisheli. Amekula la kwangu pia.

Jumanne. Ndani

Kutoka juani kuingia Ngezi ni kama kuingia msikitini mchana. Jicho linahitaji muda. Halafu yanajitokeza: vigogo vya mivule, mijoho, na chini yake mpapindi, mnazi mwembamba wa msituni ambao asili yake ni Pemba. Kisiwa hiki kimetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha zaidi ya mita 800. Unguja ilipokuwa imeungana na bara wakati bahari imeshuka, Pemba ilikuwa bado kisiwa. Ndiyo maana ina popo wake, bundi wake, ninga wake, chozi wake.

GPS humu ndani inaropoka. Inakuweka hapa, baada ya dakika inakusogeza mita nane, kisha inakurudisha nusu njia. Mawimbi ya setilaiti yanagonga majani mabichi na vigogo, yanadunda, yanachelewa. Kwa hiyo tumerudi kwenye kazi ya mababu: mashine ya miguu mitatu inayopima pembe na umbali, na mtu mwengine mbele ameshika fimbo yenye prizimu, kioo kinachourudisha mwale wa mashine. Unasimamisha mashine, unapima nyuma, unapima mbele, unahama. Mlolongo huo wa vituo ndio travasi: unaanzia kwenye kituo kinachojulikana na lazima uishie kwenye kituo kinachojulikana. Hesabu zikikataa kukutana, umepoteza siku.

Kwengine mpima ardhi akizuiwa na tawi hulikata. Hapa ni hifadhi, panga limebaki garini. Ukitaka kumuona mshika prizimu inakubidi umtafutie tundu. Anasogea kushoto hatua moja, anachuchumaa, ananyanyua fimbo, mimi jicho kwenye darubini napiga kelele "rudi, rudi, hapo hapo!", na jani moja pana la mpapindi linashuka taratibu kama pazia. Mtu wa Moshi anasema kule kwao husimama kilele hiki akapiga kilele kile, kilomita tatu kwa pigo moja. Leo pigo refu kuliko yote halikufika mita thelathini. Mengi ni kumi na tano.

Na ardhi yenyewe haishiki. Juu kuna majani makavu kiasi cha kiganja, chini yake majani yaliyooza, chini yake mizizi miembamba kama uzi wa nyavu, ndipo udongo. Nilikita miguu ya mashine, nikasawazisha povu la levo likatulia katikati ya duara. Nikainama kuandika. Niliponyanyua kichwa povu limeshagusa ukingo, mguu mmoja wa mashine umezama kwa uzito wangu mwenyewe nilipohamisha unyayo mmoja tu. Ikabidi tupigilie vigingi vitatu vya mti mkavu kwenye kila kituo na kuikalisha mashine juu yake, na mimi nisimame bila kutikisika huku mbu wananifanyia watakavyo nyuma ya masikio. Kioo cha darubini kinashika ukungu kila ninapopumua. Ndiyo kazi: kuvuta pumzi, kuizuia, kusoma, kuandika.

Mchana paa mdogo, chesi, alikatiza baina ya mashine na prizimu. Alisimama, akatutazama, akaenda zake. Kipimo kile ilibidi kirudiwe.

Jumatano

Mvua. Siyo ya msimu, lakini imekunya tangu alfajiri mpaka alasiri na vyombo haviwezi kutoka. Konde nzima imekimbizana kukunja majamvi. Karafuu iliyokwisha kukauka ikinyeshewa inaharibika rangi, na rangi ndiyo bei. Tumesaidia nyumba ya jirani kubeba polo tatu ndani, tukalipwa chai na mkate wa kumimina. Nimefunga hesabu za jana: travasi imekutana ndani ya kosa linalokubalika. Nimelala mapema.

Alhamisi. Kinamasi

Siku hii ndiyo nilikuwa naisubiri.

Katikati ya Ngezi msitu hubadilika. Mivule inabaki nyuma na unaingia kwenye miwale, ile mitende mikubwa ya majimaji yenye makuti yanayofika mita kumi na zaidi, na mitomondo iliyoning'iniza maua usiku na kuyamwaga asubuhi. Maji meusi kama chai ya rangi yanasimama baina ya mizizi. Ami alivua viatu, akaviweka kwapani, akaingia. Nasi.

Kwenye modeli ya droni, yaani vimo vilivyohesabiwa kutoka kwenye zile picha, sehemu hii inaonekana uwanda. Na mahali pengine, upande wa mchanga mweupe ambako vichaka ni vifupi, modeli inaonyesha bonde. Ukweli ni kinyume: pale penye vichaka vifupi ardhi imeinuka, na bonde ni hapa tuliposimama. Miti mirefu imesimama shimoni na vichaka vimesimama kilimani, kwa hiyo kutoka angani vichwa vyao vimelingana au vimepishana kwa makosa. Mtu akichora mito kwa kufuata modeli ile, atayapandisha maji kilimani.

Tumeacha mashine, tumetoa levo na stafu, darubini inayotazama sawasawa na rula ndefu ya kusimamisha. Kwa kimo cha sentimita hakuna kinachoishinda. Kutoka kwenye mvule wa mwisho hadi kwenye mwale wa kwanza tofauti ya ardhi haikufika mita mbili. Nimeirudia, nikaipata ile ile. Mtu wa Moshi alishika kiuno, maji magotini, akatazama nyuma akatazama mbele. Kule alikozoea, mita mbili ni unene wa wino kwenye kontua, ule mstari wa ramani unaounganisha mahali pa kimo kimoja. Ngezi, mita mbili ni miti mingine kabisa, udongo mwengine, wadudu wengine, na viatu mkononi.

Hili ndilo ninalotaka kulisema na ofisini watanisikia mpaka wachoke. Maagizo tuliyopewa yanataka kontua za kila mita tano, kwa sababu ndivyo zinavyotakiwa kwenye misitu ya milimani, na fomu ni ile ile. Ukichora Ngezi kwa mita tano kinamasi chote kitaangukia baina ya mistari miwili na hakitaonekana kwenye ramani. Utakuwa na ramani safi, yenye muhuri, isiyo na kitu chenyewe.

Jioni pametokea ubishi. Ami tangu siku ya kwanza anasema maji ya kinamasi hutoka kwa njia ya magharibi, yakaelekea Tondooni. Levo inaonyesha pahala pa chini kabisa pa kutokea pako upande mwengine. Nikamwonyesha namba.

"Namba zenu zimepimwa kiangazi," akasema.

"Ardhi haibadiliki, Ami."

"Ardhi haibadiliki. Maji ndiyo yanayobadilika. Njoo masika uone yanavyokwenda kuwili."

Nimekaa na daftari usiku nikaona hoja yake. Migongo miwili inayoyazuia maji imepishana kwa sentimita chache. Maji yakiwa machache hupata njia moja. Masika yakijaa hupita juu ya ule mwengine pia, na huo wa pili ni mpana zaidi, kwa hiyo maji mengi huonekana yakimiminika Tondooni kama anavyosema. Kwa msitu huu nusu mita itakuwa ndiyo kontua, angalau kinamasini.

Usiku pembere, wale wanyama wadogo wa mitini, wamelia. Asiyewajua hufikiri mtu anakabwa. Mtu wa Moshi, aliyekulia pamoja na jamaa zao huko mlimani, hakugeuza hata ubavu.

Ijumaa

Asubuhi tumefua nguo na kukausha karatasi. Baada ya sala wazee wawili wamekuja na Ami kuzungumzia majina ya mahali. Ramani bila majina ni picha. Tumeyaandika kama wanavyoyatamka wao, kwa Kipemba chao, wala siyo kama yalivyonyooshwa kwenye karatasi za zamani.

Wameomba jambo moja. Msituni kuna mahali pa mizimu, watu wa vijiji vya jirani bado wanapaheshimu, na hawataki papate alama wala jina kwenye ramani itakayozagaa kila simu. Mwenzetu kijana alitaka kubisha kwamba ramani lazima ikamilike. Nimemkatiza. Tutapima ardhi yake kama ardhi nyengine, kontua zitapita, jina halitaandikwa. Hakuna maji yatakayopotea njia kwa sababu hiyo.

Jumamosi. Vumawimbi na Kigomasha

Leo tumepumua. Upande wa mashariki msitu unashuka hadi mchanga wa Vumawimbi, mbingu wazi, GPS inafanya kazi kama ilivyotangazwa dukani. Kabla ya chakula cha mchana tumefanya kazi ya siku mbili za ndani. Kusi limeshalegea, bahari tulivu, na ufukwe mzima hauna mtu ila wavuvi wawili wanashona wavu.

Kijana wetu alikuja na wazo la kutumia kipimahewa cha simu yake, kwa kuwa hewa hupungua uzito ukipanda, na milibari moja ni mita nane na kitu. Nilimwacha ajaribu. Saa nne asubuhi simu ilisema kimoja, saa kumi jioni, mahali pale pale, ikasema amepanda karibu mita ishirini na tano. Nchi zetu za joto uzito wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kama bahari, hata kukiwa hakuna wingu. Kwenye mlima wa mita elfu tatu utalivumilia kosa hilo. Hapa amepandishwa kilima kizima akiwa amekaa chini ya mkungu.

Tumefika hadi Ras Kigomasha, kwenye mnara wa taa wa chuma uliosimamishwa 1900. Ukiwa ncha ile ndipo unauona msitu kama umbo: mgongo wa kijani unaolala, ukibonyea katikati. Kule kubonyea nimekujua kwa magoti, sasa nimekuona kwa macho.

Tukirudi wakati wa magharibi, popo wametoka. Popo wa Pemba ni mkubwa, mabawa yakikunjuliwa hufika mita moja na nusu, na wanaruka polepole kama kunguru wanaoelea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebakia kidogo sana, waliwindwa kwa ajili ya nyama na miti ya kulala ilikatwa. Vijiji vyenyewe ndivyo vilivyowarudisha, Kidike ikiwa mfano unaojulikana. Wanakula matunda na kumwaga mbegu, kwa hiyo sehemu ya miti tuliyoihangaikia wiki nzima imepandwa na hawa.

Jumapili. Tondooni

Tumepanga ratiba nzima ili siku hii iangukie bamvua. Tulianza wiki maji yakiwa mafu, jana usiku mwezi umejaa, na Septemba ni mwezi ambao, sawa na Machi, jua na mwezi hujipanga vizuri zaidi juu ya ikweta na bamvua huwa kubwa kuliko kawaida. Pwani yetu baina ya kupwa na kujaa kwa bamvua maji hupishana kiasi cha mita nne. Kwa kisiwa cha vilima vifupi hiyo si tofauti ndogo.

Asubuhi saa nne maji yamekupwa hadi yametoweka. Tumepita kwenye tope la mikoko tukipigilia vijiti, kila kijiti kimepimwa kwa levo. Hapa miti yenyewe ni rula: mikoko yenye mizizi ya matao mbele kabisa, mikandaa nyuma yake, kisha mchu, kisha nyasi za chumvi, kisha ghafla mti wa bara. Mahali mkandaa unapoishia ndipo bahari inapoishia kwa siku za kawaida. Huhitaji setilaiti.

Jioni tumesubiri. Maji yameingia bila kelele, kwanza kwenye vijito, kisha kila upande kwa pamoja. Kijiti cha kwanza kimezama, cha pili, cha tatu. Karibu na saa kumi yamesimama, na mstari wa takataka, vikonyo, majani ya mikoko, kandambili moja ya bluu, umebaki umelala kwenye nyasi. Tumeupima mstari ule kwa urefu wote tulioweza kuufuata. Mahali pamoja umeingia ndani ya kijito kinachotoka msituni, umeupita mkandaa wa mwisho, na maji ya mbele yake tuliyaonja. Yana chumvi.

Juu ya hapo, kwa levo, hadi kizingiti cha kinamasi kilichobishaniwa Alhamisi, kumebaki chini ya mita moja na nusu.

Ami aliteremka hadi ukingoni, akachota kwa kiganja, akatema. Hakusema neno kuhusu namba. Aliuliza vijiti tutaviacha. Nimemwachia, pamoja na daftari na kalamu, naye atasoma kila bamvua na kuandika tarehe. Yeye yuko hapa mwaka mzima, mimi siko.

Jumatatu. Konde, mezani

Siku nzima hesabu. Travasi zote zimefungwa isipokuwa ile ya kaskazini ya mbali, ambako kichaka kilitushinda na siku zilikwisha.

Nimepiga simu ofisini kuhusu kontua. Wamesema fomu inataka mita tano. Nimesema nitawapa za mita tano kwenye karatasi moja, na karatasi ya pili itakuwa na nusu mita kuanzia ufukwe wa Tondooni hadi ng'ambo ya kinamasi, na hiyo ya pili ndiyo itakayopelekwa kwa sheha. Kumekuwa na kimya kwenye simu, kisha wakauliza kama karatasi ya pili itaongeza gharama. Wino tu, nikawaambia.

Kijana alipendekeza sehemu ya kaskazini tujazie kwa modeli ya droni, tutoe urefu wa miti kwa kukisia, kontua zikamilike ramani ipendeze. Nimekataa. Pale hatukupita, kwa hiyo mistari nimeichora ya nukta nukta, na pembeni nimeandika kwa herufi kubwa kwamba ardhi ya hapo haijapimwa. Mtu wa Moshi ameomba arudi kuipima Februari, kaskazi likikausha njia. Ameshauliza na bei ya chumba.